Amani ya moyo haiuzwi kwa chupa

Ukisikiliza redio za injili Jumamosi usiku, au ukisoma mabango yaliyobandikwa kwenye nguzo za umeme kuanzia Mbagala hadi Kayole, utabaini kwamba amani ya moyo imekuwa bidhaa, na soko lake halikosi wanunuzi. Yapo mafuta ya upako, yapo maji yaliyoombewa, vipo vitambaa na chumvi, na kila kimoja kina sadaka yake. Wanaovifuata si wajinga. Ni watu wenye kodi ya nyumba iliyopita tarehe, mtoto asiyepata kazi tangu amalize chuo, ndoa inayoning'inia, au ugonjwa ambao vipimo havijauona. Lakini soko hilo limekwisha kuua. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walipoteza maisha katika mkanyagano, umati ulipokuwa ukikimbilia kukanyaga mafuta yaliyotajwa kuwa ya baraka. Miaka mitatu baadaye, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, mingi ikiwa ya watu walioaminishwa kwamba kufunga hadi kufa ndiko kukutana na Yesu.

Baada ya misiba ya namna hiyo, ni rahisi kuhitimisha kwamba tatizo ni imani yenyewe, na kwamba mwenye busara atafute utulivu wake kwingine. Hitimisho hilo linakosea, ingawa linakosea kwa sababu inayoeleweka. Imani ya Kikristo ina amani ya kumpa mtu, na ushahidi wake upo, mwingine katika historia ya eneo hili hili la Maziwa Makuu. Ila amani hiyo haipatikani kwa kutafutwa yenyewe. Huja nyuma ya ukweli: mtu anapokubali kuona alivyo, akausema ukweli huo, akarekebisha kinachorekebishika, na kisichorekebishika akakiacha mikononi mwa Mungu. Anayeruka hatua hizo anaweza kweli kupata utulivu, lakini utulivu wake ni ganzi. Tofauti ya amani na ganzi haionekani Jumapili ibadani. Huonekana pale maisha yanapodai gharama.

Tuanze na maandiko, maana ndiyo yanayotajwa zaidi na kusomwa nusunusu. Maneno ya mtume Paulo kuhusu amani ya Mungu inayoilinda mioyo kuliko akili inavyoweza kueleza yamechapwa kwenye kalenda, kwenye kanga na kwenye vioo vya daladala. Yanatoka sura ya nne ya Waraka kwa Wafilipi, barua aliyoiandika akiwa kifungoni, bila hakika ya kutoka hai. Hilo peke yake lingetosha kumzuia mhubiri asiitumie aya hiyo kuahidi gari. Lakini kuna jambo jingine ambalo halichapwi kwenye kalenda. Aya chache kabla ya hapo, Paulo anawataja kwa majina wanawake wawili wa kanisa lile, Euodia na Sintike, watumishi wenzake waliokosana. Anawasihi wapatane, na anamwomba mtu mwingine awasaidie kufika huko. Wito wa kupatana umetangulia, ahadi ya amani imefuata. Mpangilio huo si wa bahati. Katika Injili ya Mathayo, Yesu anamwagiza mtu aliyekwisha kufika madhabahuni na sadaka yake, akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka hapo, aende kwanza kupatana. Karne nyingi kabla, nabii Yeremia aliwashutumu makuhani na manabii wa Yerusalemu kwa kutangazia watu amani isiyokuwapo huku wakilitibu jeraha la taifa juujuu. Soko la ganzi, kumbe, si uvumbuzi wa zama zetu, na upinzani dhidi yake umo ndani ya Biblia yenyewe.

Isitoshe, Biblia haimchori mwenye amani kama mtu asiyetetemeka. Yohana anasimulia kwamba Yesu aliwaachia wanafunzi wake ahadi ya amani usiku wa mwisho kabla ya kuuawa. Usiku uleule, kwa masimulizi ya injili nyingine, alikuwa bustanini Gethsemane, amelemewa na huzuni, akiomba mateso yamwepuke kama inawezekana. Aliyeahidi amani hakuificha hofu yake, wala hakuhesabu kuitamka kuwa ni kukosa imani. Alisema alichokitaka, kisha akayaweka mapenzi yake chini ya mapenzi ya Baba. Mkristo anayefundishwa kwamba kukiri wasiwasi ni kumpa shetani nafasi anafundishwa jambo ambalo Gethsemane inalikanusha. Sala ya Kikristo huanza kwa kusema lililopo. Utulivu, kama upo, hufika baadaye.

Ushahidi wa jinsi jambo hili linavyofanya kazi tunao karibu. Septemba 1929, katika kilima cha Namirembe, Kampala, daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa akihudumu katika hospitali ya misheni ya Gahini, mashariki mwa Rwanda, alikutana na Mganda aitwaye Simeoni Nsibambi. Wote wawili walikuwa Wakristo wa siku nyingi, na wote walikuwa wameona kwamba dini waliyokuwa nayo haitoshi. Walisoma Biblia na kusali pamoja. Katika miaka ya 1930 Gahini ikawa chimbuko la uamsho uliovuka mipaka kuingia Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, hasa upande wa Bukoba. Waliouingia waliitwa walokole. Kilichowatofautisha na Wakristo wengine wa misheni hakikuwa mafundisho mapya, maana mafundisho yao yalikuwa yaleyale ya kwenye Kitabu cha Sala. Tofauti ilikuwa ni desturi: walikutana katika ushirika, kila mmoja akasema wazi palipomshinda. Walioiba walirudisha walichoiba. Waume walikiri kwa wake zao. Wamisionari wazungu walikiri mbele ya Waafrika kiburi na dharau waliyokuwa wakiificha chini ya majoho. Hayo waliyaita kutembea nuruni, na furaha iliyofuata iliwashangaza hata maaskofu waliokuwa wakiwatilia shaka.

Kwa nini kusema ukweli kulete utulivu? Sababu moja haihitaji hata imani kuielewa. Kuficha ni kazi ya kutwa. Mwenye siri lazima akumbuke alichomwambia nani, awakwepe baadhi ya watu, azibe mazungumzo yote yanayokaribia pale panapouma. Na mwenye kinyongo lazima ailishe kila siku kesi ambayo hakuna hakimu wa kuimaliza. Nguvu inayotumika huko ndiyo inayokosekana kwenye usingizi, kwenye ndoa na kwenye kazi. Hapo hata mshauri nasaha asiye na dini atakubali. Imani ya Kikristo inaongeza jambo ambalo mshauri hawezi kulitoa: inadai kwamba yule anayejua yote juu yako amekwisha kukupokea kabla hujaanza kusema. Mtu anayeungama ili apendwe ataungama kwa mahesabu, akitaja madogo na kuacha makubwa. Anayeungama akiamini kwamba amekwisha kupendwa anaweza kuthubutu kuyataja makubwa. Ndiyo maana msamaha, katika mafundisho haya, si malipo ya toba. Ndio unaoifanya toba iwezekane.

Kuungama hadharani kuna hatari zake, na ni haki kuzitaja. Ushirika unaweza kugeuka genge la umbeya, na aibu ya mnyonge ikawa silaha ya mwenye nguvu. Kanisa Katoliki limelikabili hilo kwa kitubio, ambamo padre amefungwa na siri isiyo na ruhusa ya kuvunjwa. Walokole walilikabili kwa kusisitiza kwamba wanaosikiliza nao wana zamu ya kusema. Njia ni tofauti, kanuni ni moja: ukweli usemwe mahali ambapo hautageuzwa kuwa bei. Chupa ya mafuta haiwezi kuwa mahali hapo. Haiulizi swali, haisikilizi, haimtumi mtu kwenda kwa jirani aliyemdhulumu. Ndiyo sababu inauzika.

Ushahidi wa pili unahusu msamaha, na hapa Uganda inatoa mfano mzito. Janani Luwum, mwana wa Acholi aliyeokoka katika uamsho huo mwaka 1948, alikuwa askofu mkuu wa Kianglikana nchini humo tangu mwaka 1974, katika miaka ambayo serikali ya Idi Amin iliua bila kujificha. Mapema mwaka 1977, baada ya askari kuivamia nyumba yake usiku kwa madai ya kutafuta silaha, yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Amin barua ya kulalamikia mauaji na uonevu. Tarehe 16 Februari mwaka huo aliuawa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, na serikali ikatangaza kwamba ilikuwa ajali ya gari. Askofu Festo Kivengere, aliyekuwa miongoni mwa walioiandika barua ile, alikimbia na mkewe, wakavuka milima kwa miguu hadi Rwanda. Huko ugenini, kama alivyokiri mwenyewe, chuki dhidi ya Amin ilianza kumla. Alikuwa na kila haki ya kuchukia, na bado aliona kwamba haki hiyo inamwua ndani. Mwaka huohuo alichapisha kitabu ambacho kichwa chake kilitangaza kwamba anampenda Idi Amin. Wengi walikasirika. Lakini kitabu hicho hakikumsafisha Amin. Kilisimulia uovu wa utawala wake bila kupaka rangi. Kusamehe, kwa Kivengere, hakukuwa kusema kwamba baya si baya. Kulikuwa kukataa kumwachia Amin usukani wa moyo wake.

Mwenye shaka atasema kwamba maaskofu ni watu wa pekee, na kwamba visa vya mashujaa havithibitishi kitu kwa mtu wa kawaida. Pingamizi hilo ni la haki, kwa hiyo tutazame takwimu. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard wakiongozwa na Tyler VanderWeele walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wauguzi wanawake karibu 90,000 nchini Marekani, wengi wao Wakatoliki na Waprotestanti, kati ya mwaka 1996 na 2010. Waliohudhuria ibada angalau mara moja kwa wiki walijiua kwa kiwango kilichokaribia kuwa moja ya tano ya kile cha wasiohudhuria kabisa, hata baada ya watafiti kuzingatia tofauti za umri, afya na mambo mengine mengi. Takwimu za aina hii haziwezi kuthibitisha kwamba Mungu yupo, wala haziondoi kabisa uwezekano kwamba wenye afya njema ya akili ndio wanaoweza kuamka kwenda kanisani. Lakini zinafaa kumfanya mwenye kudai kwamba dini ni sumu tu afikiri upya. Na zinazungumzia watu wa kawaida wanaokusanyika kila wiki, wakijuana kwa majina na kuonekana wasipokuja.

Utafiti mwingine unaonya upande wa pili. Mwaka 2001 Kenneth Pargament na wenzake walichapisha walichokiona kwa wagonjwa karibu 600 wenye umri wa miaka 55 na zaidi, waliokuwa wamelazwa katika hospitali za mji wa Durham, North Carolina. Walioona kwamba Mungu amewatupa, waliotilia shaka upendo wake kwao, au walioamini kwamba ugonjwa wao ni kazi ya shetani, walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kufariki ndani ya miaka miwili iliyofuata kuliko wenzao wenye hali kama yao wasiokuwa na mawazo hayo. Tafsiri yake kwa makanisa yetu ni nzito. Mhubiri anayemwambia mama mwenye kisukari kwamba amefungwa na mizimu ya ukoo, au kwamba haponi kwa sababu sadaka yake ni haba, hamwongezei imani. Anamwongezea mzigo. Imani inayoleta amani na imani inayoiondoa zinaweza kukaa kanisa moja, zikaimba nyimbo zilezile. Kinachozitenganisha ni sura ya Mungu ambayo kila moja inamwonyesha mgonjwa.

Sasa tuje kwenye mapingamizi makubwa zaidi. Mwaka 1844 Karl Marx alichapisha maneno maarufu ambamo aliifananisha dini na afyuni: inamtuliza anayedhulumiwa ili asiitazame dhuluma. Wakristo hulijibu pingamizi hili kwa haraka mno. Historia ya Ukristo inalithibitisha kwa mfano ambao hata Marx asingeutunga. John Newton, Mwingereza anayekumbukwa kwa utenzi wa neema unaoimbwa duniani kote, aliokoka katika dhoruba baharini mwaka 1748. Baada ya hapo, kati ya mwaka 1750 na 1754, alikuwa nahodha wa meli za watumwa kutoka Afrika Magharibi. Alisoma Biblia, aliwaongoza mabaharia wake katika sala, na katika kumbukumbu alizochapisha mwaka 1764 alieleza kwamba katika safari hizo alipata saa tamu za ushirika na Mungu ambazo hazina mfano. Watu waliofungwa minyororo walikuwa chini ya sakafu aliyopigia magoti. Hapo ndipo ganzi inapojionyesha wazi kuliko mahali popote: hisia zote za amani zipo, ukweli haupo.

Lakini kisa cha Newton hakiishii hapo, na mwisho wake ndio unaomjibu Marx. Mwaka 1788, akiwa mchungaji mzee jijini London, alichapisha kijitabu cha kuungama. Alieleza aliyoyaona na aliyoyafanya katika biashara ile, akakiri kwamba ungamo lake limechelewa mno, kisha akatoa ushahidi wake kwa waliokuwa wakipigania sheria ya kuikomesha. Sheria hiyo ilipita mwaka 1807, mwaka aliofariki. Imani iliyomtuliza isivyostahili ndiyo hatimaye iliyomnyima usingizi. Kama dini ingekuwa afyuni na si zaidi, isingeweza kufanya kazi hiyo ya pili. Wala isingemtuma Luwum kumwandikia dikteta barua, maana mlevi wa afyuni haandiki barua za namna ile. Hapa pia lipo jibu kwa anayeuliza amani inamsaidia nini mpangaji anayefukuzwa. Haimlipii kodi, na mhubiri anayesema inalipa anadanganya. Inaweza, hata hivyo, kumpa ujasiri wa kudai haki yake bila kuomba radhi kwa kuwa maskini. Na mwenye nyumba aliye Mkristo, kama amani yake si ganzi, itambidi aulize kwa nini anailipisha sebule moja bei ya nyumba nzima.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linatoka palepale tulipochukua ushahidi wetu. Gahini iko Rwanda. Mwaka 1994, katika nchi ambayo takribani watu tisa kati ya kila kumi walijiita Wakristo, katika nchi ilikozaliwa uamsho, watu wapatao 800,000, na kwa hesabu za Rwanda yenyewe zaidi ya milioni moja, wengi wao Watutsi, waliuawa kwa muda wa siku 100 hivi. Makanisa ya Nyamata na Ntarama, walikokimbilia wakitumaini usalama, yakawa machinjio. Baadhi ya viongozi wa kanisa walishiriki, na mwaka 2017 Papa Francis aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi za kanisa na watu wake katika mauaji yale. Hakuna hoja ya kulipunguza hili makali. Linaloweza kusemwa ni kwamba uamsho ulijifunza kuungama ulevi, wizi, uzinzi na ugomvi wa nyumbani, lakini ukabila haukupata nafasi ileile kwenye orodha ya dhambi za kutajwa. Kulikuwa na chumba kimoja cha nyumba ambacho nuru haikuruhusiwa kuingia, na humo ndimo mapanga yaliponolewa. Kwa hiyo Rwanda haikanushi kanuni ya makala haya. Inaithibitisha kwa gharama isiyovumilika. Amani ya moyo hufika mpaka pale ukweli ulipofika, haivuki hapo.

Jirani kabisa na Rwanda kuna ushahidi wa upande wa pili. Katika seminari ndogo ya Buta, mkoani Bururi, Burundi, Wahutu na Watutsi walikuwa wakisoma pamoja wakati nchi ikiungua kwa vita vya kikabila vilivyoanza mwaka 1993. Gombera wao, padre Zacharie Bukuru, hakuwaambia wanafunzi wasiseme habari za kabila. Aliwakalisha wakazizungumza: hofu zao, hasira zao, na habari za ndugu waliouawa na watu wa kabila la mwenzao waliyelala naye bweni moja. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997, waasi waliingia bwenini na kuwaamuru wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Vijana walikataa. Waliuawa 40. Kwa kipimo cha utulivu wa kawaida, mazungumzo yale yalikuwa ya kuvuruga, na mzazi mwenye tahadhari angeuliza kwa nini vidonda vinachokonolewa. Lakini yaliwapa vijana wale mioyo ambayo haikugawanyika hata mbele ya bunduki. Hilo halipatikani kwa kukwepa mada.

Liko pingamizi la tatu, la kimya zaidi, linalowahusu waumini wanaofanya yote hayo na amani isije. Kule Olney, mji mdogo wa Uingereza ambako Newton alikuwa mchungaji kabla ya kuhamia London, rafiki yake wa karibu alikuwa mshairi William Cowper. Pamoja walitunga kitabu cha tenzi kilichochapishwa mwaka 1779. Cowper alikuwa na sonona kali tangu ujanani. Aliamini, alisali, aliungama, na tangu mwaka 1773 hadi kufa kwake mwaka 1800 alisumbuliwa na hakika ya kutisha kwamba Mungu amemkataa. Dhamiri yake haikuwa na meli ya watumwa. Newton, aliyekuwa na utulivu mwingi alipokuwa na hatia kubwa, alimchukua Cowper nyumbani kwake akakaa naye zaidi ya mwaka mmoja, na hakuna mahali alipomhukumu kwa kukosa imani. Ukiwaweka marafiki hawa wawili pamoja, utaona kosa la kupima imani kwa hisia. Aliyekuwa na utulivu alikuwa gizani, na aliyekuwa na giza hakuwa amemwacha Mungu.

Somo la Cowper ni kwamba sonona ni ugonjwa, na ugonjwa una waganga wake. Mkristo anayekwenda kliniki ya afya ya akili Mirembe au Mathari hajamsaliti Mungu zaidi ya anayekwenda kutibiwa malaria. Imani haichukui nafasi ya dawa, na mchungaji anayemwamuru mtu aache vidonge vyake ili kuthibitisha imani anastahili kupingwa na kanisa lake kabla serikali haijamfikia. Kazi ya kanisa kwa mgonjwa kama huyo ni ile aliyoifanya Newton: kukaa naye, na kuamini kwa niaba yake siku ambazo mwenyewe hawezi.

Msomaji Mwislamu, au asiye na dini, anaweza kuuliza kama haya yote ni ya Wakristo peke yao. Kusema kweli, kusamehe na kurekebisha ni mambo yanayoheshimiwa katika dini nyingi, na majirani wa pwani yetu wameishi karne nyingi wakiona uchaji wa kweli upande huu na upande ule. Makala haya hayadai hakimiliki. Yanadai kwamba Ukristo unayo njia yake, inayoanzia kwenye msamaha uliotolewa kwanza, na kwamba njia hiyo inastahili kuhukumiwa kwa yale inayoyafundisha yenyewe, si kwa chupa zinazouzwa kwa jina lake.

Kinachofuata ni kazi, na kazi hiyo haina gharama ya sadaka maalumu. Jumuiya ndogondogo ambazo maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walizihimiza tangu miaka ya 1970, pamoja na vikundi vya ushirika vya makanisa mengine, tayari viko mitaani. Vingi vimebaki kusoma somo, kukusanya michango ya misiba na kutawanyika. Vinaweza kurudishiwa kazi ya mwanzo: watu wachache wanaoaminiana, wanaoambiana ukweli na kusindikizana kwenda kupatana na waliowakosea. Vyuo vya theolojia vinaweza kumfundisha kila mchungaji kutambua dalili za sonona na kujua ampeleke mgonjwa wapi. Na muumini anayealikwa kwenye mkutano wa kufunguliwa anaweza kujiuliza swali moja kabla ya kupanda daladala: huko ninakokwenda, kuna atakayeniuliza nani nimemdhulumu, na nani amenidhulumu nikashindwa kumsamehe? Kama hakuna wa kuuliza, hata mkutano ujaze uwanja, atakachopewa ni ganzi. Kama yupo, amani imekwisha kupata mlango, hata kama usiku wa kwanza baada ya swali hilo hatalala.